Posa ya Farsta Iliyokatika Mara Tatu

"Amepotea! Baba mkubwa amepotea tena!"

Lorraine alisimama katikati ya sebule, mikono kichwani, macho kwenye televisheni. Sasa hivi tu palikuwa na wazee saba pale ukutani, makoti na kofia, wamejipanga nyumbani kwa baba yake mkubwa, mzee Kariuki, huko Karatina. Ghafla hawapo. Badala yao kuna mto wa baridi na mnyama mkubwa mwenye pembe pana kama sinia, anavuka maji taratibu kama hana deni na mtu.

"Huyo ni nani?" akauliza mzee Félix, mshenga, akirekebisha miwani.

"Si mtu, mzee. Ni älg. Ni kipindi cha Waswidi."

"Älg namjua, mwanangu. Huu mwaka wa ishirini na sita naishi Jakobsberg. Nauliza, ameingiaje kwenye posa yetu?"

Na mtu pekee ambaye angeweza kujibu alikuwa ameketi kwenye kiti cha kona, suti mpya, mikono juu ya magoti, kimya kama mtungi.

Nitege? Kisu kipo, nyama ipo, mpishi yupo, na bado watu wanalala njaa. Usihangaike, nitakupa jibu mwenyewe: ni bwana harusi fundi siku ya posa yake. Maana kijana huyo wa kona, Vénant, kazi yake ilikuwa hiyohiyo. Aliajiriwa kuzunguka nyumba za wazee wa Stockholm, kusini na kaskazini, akiwaunganishia simu na televisheni, tableti na kompyuta, ili bibi wa Kiswidi amwone mjukuu wake aliyeko ng'ambo. Lakini kwa mila za kwao Burundi, na za kina Lorraine Ukikuyuni vilevile, siku ya posa kijana hasemi, hasimami, hagusi kitu. Anayesema ni mshenga. Na mshenga huyu, Félix, alikuwa dereva wa basi mstaafu. Rimoti aliishika kama mtu aliyepewa samaki hai.

"Bonyeza sosi," Vénant akanong'ona bila kusogeza midomo.

"Sosi gani? Chakula bado."

"Kwenye rimoti, baba mdogo. Kitufe cha juu, cha kuchagua picha itoke wapi."

Félix akabonyeza. Sauti ya mto ikapanda hadi vikombe vikatikisika kabatini. Mlango wa jikoni ukafunguka, akatokea Benedicta, mama yake Lorraine, mikono imejaa unga wa chapati.

"Kwani imekatika tena?"

"Imekatika, mama."

"Pole jamani. Pengine Mungu ana neno analotaka kusema." Akarudi jikoni.

Simu ya Lorraine ikalia mkononi mwake. Karatina.

"Lorraine! Mmetufungulia mfereji? Mimi nataja majina ya babu zako, kufika kwa wa tatu nasikia maji! Wiki iliyopita kwaya, wiki hii mafuriko!"

"Aki baba mkubwa, pole, ni TV imejibadilisha..."

"Sisi tunawaona kwenye kompyuta yenu. Mnatupa mgongo, mnaangalia ukuta. Na huyo ni nani amesimama? Lorraine! Ni bwana harusi huyo amesimama?"

Kweli Vénant alishindwa kuvumilia. Alikuwa amesimama, ameshachukua rimoti. Aliposikia hivyo akaketi haraka, lakini maji yakishamwagika hayazoleki.

"Kaeni mnisikie," akasema Kariuki. "Mimi sitoi binti ya marehemu ndugu yangu kwa watu nisioonana nao uso kwa uso. Na nilishasema sitaki kuwekwa ndani ya kisimu kidogo kama kipande cha sabuni. Niwekwe ukutani, nikae kama mtu. Mmeshindwa mara mbili. Jumamosi ijayo ni ya mwisho. Ikikatika tena, kila mmoja achukue kofia yake aende. Na umwambie huyo fundi wako: mtu anayeshindwa na televisheni ya mama mkwe, nyumba ataiweza?"

Simu ikakatwa. Kwenye televisheni yule mnyama alifika ng'ambo salama, akajikung'uta.

Jioni hiyo Lorraine alikaa kitandani na nguo zake za posa, akiandika kwa vidole viwili kwa hasira.

"Umefika?"

"Nimefika nyumbani, Hagsätra."

"Umesikia alivyosema baba mkubwa?"

"Nimesikia."

"Unaniaibisha Vénant. Hii ndiyo KAZI yako. Unaunganisha watu na Australia. Mimi nataka Karatina tu!"

Akaona Vénant anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha. Mwishowe ujumbe ukaingia:

"Nisamehe mpenzi."

"Msamaha sijautaka. Shida ni nini?"

"Ni mtandao."

"Mtandao upi? Waifai ilikuwa imejaa mpaka juu, niliona kwa macho yangu!"

Lorraine akatupa simu juu ya mto. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, muuguzi msaidizi kwenye makazi ya wazee, na kwa mwaka mmoja na nusu alimpenda kijana huyu kwa sababu moja kubwa: hakuwa mwongo. Sasa aliuona uongo, na ulikuwa uongo mdogo wa kijinga, ule unaouma kama mchanga ndani ya kiatu.

Jumatano walikutana Farsta centrum, penye maduka, kwenye benchi mbele ya stesheni. Vénant alikuwa na begi lake la kazi, waya zikichungulia.

"Nataka jibu moja," Lorraine akaanza, hata salamu hakuna. "Wiki ya kwanza ulirusha picha bila waya, ikaingia kwaya. Nikasema sawa, mambo ya hewani. Wiki ya pili ukaleta waya, ukaichomeka mwenyewe asubuhi. Waya, Vénant! Älg amepita wapi kwenye waya?"

"TV za siku hizi zina akili nyingi. Kifaa kingine ndani ya nyumba kikiiita, inaacha waya, inakifuata."

"Kifaa gani?"

Vénant akaangalia viatu vyake. "Sijui."

"Hujui au husemi?"

"Lorraine, tumwambie mama habari za Göteborg kabla ya Jumamosi."

"Usigeuze mazungumzo!"

"Sigeuzi."

"Nakuuliza TV, unaniletea Göteborg! Tulishakubaliana. Wazee wakubali kwanza, ndipo tumwambie. Wewe unaanza kazi huko Agosti, mimi nakufuata. Mama akijua sasa atalia, ataenda kanisani, kanisa zima litanipigia simu. Mama simjui mimi?"

"Ningependa tumuulize tu."

"Kumuuliza mama ni kupata hapana. Sasa sikiliza na wewe." Akasimama, akafunga zipu ya koti ingawa jua la Mei liliwaka. "Jumamosi ikikatika tena, usinitafute. Si kwa sababu ya baba mkubwa. Kwa sababu kuna kitu unanificha, na mimi siolewi na kabati lililofungwa."

Treni ikaingia. Vénant alitaka kumwita arudi, amwambie kitu kimoja chenye maana. Akabeba begi lake akapanda.

Jumamosi ya tatu ilifika. Saa nane mchana Farsta, saa tisa Karatina.

Safari hii Lorraine alisimama mlangoni na kapu.

"Simu zote humu."

"Hata yangu?" akauliza Félix. "Hii haina hata picha."

"Hata yako, mzee. Zima, weka."

Ikaingia ya Félix, ikaingia ya Vénant, ikaingia yake mwenyewe. Kapu akalifungia kabatini chumbani. Mama yake alikuwa jikoni akiponda mukimo wake wa viazi na mahindi, akiimba kidogokidogo. Kwa mila yao mama mzazi hakai na wanaume posa ikisemwa, mpaka aitwe. Lorraine akakagua waya, akaifuta televisheni vumbi ambalo halikuwepo, akapiga kwa kompyuta.

Wazee saba wakajaa ukutani. Sauti safi, picha safi, hata kipara cha mzee wa nyuma kiling'aa.

"Mnatuona?" akauliza Kariuki.

"Tunawaona vizuri kabisa!" Lorraine nusura alie.

"Basi tuanze, kabla wanyama hawajafika."

Félix akasimama, akaweka kofia kifuani. Hapo ndipo utamjua mshenga. Rimoti haimtii, lakini maneno humjia yenyewe kama kuku waliosikia mtama.

"Wakubwa wangu, kitendawili!"

"Tega!" wakajibu wale saba.

"Kijana wangu alikuwa anapita njia yake. Akaona taa. Haina mafuta, haina waya, haizimwi na upepo. Tangu aione, kwake hakulaliki na kwa watu hakuna siri."

"Taa hiyo iko wapi?" akauliza Kariuki, ingawa alijua, kwa sababu hivyo ndivyo inavyoulizwa.

"Tumefuata mwanga. Umetuleta kwenye mlango wenu."

Wazee wakacheka, mmoja akapiga mkongojo sakafuni. Lorraine akamwangalia Vénant kwa jicho la pembeni. Alitarajia kumwona anapumua. Lakini Vénant alikuwa anaangalia mlango wa jikoni.

"Taa hiyo tunaifahamu," Kariuki akasema. "Baba yake alikuwa mdogo wangu, na kabla hajafa aliniachia neno. Aliniambia, Kariuki, siku atakapokuja mtu..."

Kwaya.

Kwaya ya akina mama, vitambaa vyeupe kichwani, sauti nne, kinanda, ukuta mzima. Kariuki na neno la marehemu vikafunikwa pamoja.

"Nej!" Lorraine akapiga kelele. "Nej, nej, hapana!"

Na kwa kuwa safari hii hakuna simu ya kukimbilia wala rimoti ya kugombania, alibaki amesimama, akitazama tu. Ndipo akaona. Juu kulia kwenye televisheni, maandishi madogo meupe yalidumu sekunde tatu au nne kisha yakafifia. Jina la kifaa kilichoingia.

Mama Benedicta.

Akageuka kwa Vénant.

"Wewe ulijua?"

Vénant akainamisha kichwa. Bwana harusi hasemi. Lakini kichwa kile kilikuwa kimesema.

Lorraine akasukuma mlango wa jikoni.

Tableti ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la unga. Mama yake alikuwa mbele yake, kidole bado hewani, na kwenye kioo palikuwa na alama ya kidole hicho, nyeupe, ya unga, inayoonekana kama muhuri.

"Ni wewe."

"Lorraine, funga mlango, moshi unatoka."

"Ni wewe, mama! Mara tatu! Unajifanya hujui hata kuzima, kumbe unarusha picha kwenye TV kama mtangazaji! Nani alikufundisha?"

"Mchumba wako. Alisema, mama, ukitaka kuona kwaya ya nyumbani kwa ukubwa, bonyeza hapa, chagua pale. Ni mwalimu mzuri. Hana haraka."

"Na ndivyo unavyomlipa? Watu wamekuja kutoka Jakobsberg, wazee wamevaa makoti, baba mkubwa anamtukana Vénant wiki ya pili, mimi mwenyewe nimemwambia maneno ambayo... Varför, mamma? Varför?"

"Usiniletee Kiswidi ukikasirika. Nikasirikie kwa lugha niliyokulea nayo."

"Kwa nini, mama!"

Benedicta akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na sita, mfupi, aliyefagia shule za Stockholm miaka ishirini na miwili na kupanda ngazi za ghorofa tatu kila siku na mifuko miwili. Akaichukua tableti, akagusa mara mbili.

"Vénant alipoiunganisha hii, aliweka kila kitu cha nyumba hii kwenye akaunti moja, yako. Akasema ili picha zako zinifikie. Picha zilinifika. Na mengine yakanifika."

Lorraine akanyoosha mkono kuichukua tableti.

"Mama..."

"Ngoja nisome, macho yangu bado mazuri. 'Mama tumwambie baada ya wazee kukubali. Akijua sasa ataharibu.' Huyo ni wewe. Vénant: 'Si vizuri. Tumuulize.' Wewe: 'Hapana. Nimeshaongea na afisa wa manispaa. Kazini kwetu chumba kinaweza kupatikana Agosti. Mama ataenda pale, nitakuwa na amani.'" Akainua uso. "Utakuwa na amani. Ndivyo ulivyoandika. Mimi natafutiwa chumba cha makazi ya wazee kama koti la baridi likifika wakati wa joto."

"Nilikuwa nawaza usalama wako! Tukihamia Göteborg utabaki peke yako!"

"Peke yangu? Kwani kanisa nalo linahamia Göteborg?"

"Ukianguka kwenye ngazi je?"

"Nitaamka! Au nitalala hapo nikisubiri Mwafrika apite, Farsta hii hawakosekani!" Sauti yake ikapasuka katikati ya mzaha, ikageuka kitu kingine. "Miaka kumi na moja tangu baba yako afe, Lorraine, tumekula sahani moja. Nikasoma habari za mwisho wangu kwenye kioo, nikiwa natafuta picha ya keki."

"Ningekuuliza ungesema hapana."

"Ningesema hapana."

"Unaona sasa!"

"Ningesema hapana. Lakini ningekuwa nimeulizwa."

Sufuria ilikuwa inachemka, hakuna aliyeigusa.

"Na kijana yule," mama yake akaendelea, taratibu zaidi, "aliandika 'tumuulize' mara mbili. Ya pili niliisoma baada ya kwaya ya kwanza. Nikajua yeye ndiye aliyenitetea. Na bado nikamkata mara ya pili, na leo nikamkata tena, kwa sababu ndiye anayekuja na lori la kukubeba. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Kwako sina aibu hata kidogo."

Huku sebuleni, kwaya ilifika ubeti wa tatu. Mzee Félix alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka na rimoti, na vitufe, na mito na kwaya. Akaenda hadi kwenye kompyuta iliyokuwa juu ya stuli, akaangalia waya unaotoka ubavuni mwake kwenda ukutani, akaushika kama mtu anayeng'oa muhogo, akauchomoa.

"Bon, basi," akasema.

Na kutoka kwenye kile kikompyuta kidogo, sauti ikatoka wazi.

"...nasema, shemeji Benedicta, unanisikia sasa?"

Mama na binti wakatazamana. Wakatoka jikoni wote wawili, mmoja na mwiko.

"Baba mkubwa? Kumbe bado mko?"

"Tutaenda wapi? Sisi hatujakatika hata siku moja. Ni nyinyi mnaokatika. Kipaza sauti chenu kiko wazi. Tumesikia kwaya, tumesikia Göteborg, tumesikia koti la baridi. Tuko wazee saba hapa na hakuna aliyepumua. Na mbele yetu tunaona wanaume wawili tu wamekaa kama viatu mlangoni."

Benedicta akajifunika uso na aproni. "Yesu wangu."

"Mshenga," Kariuki akaita.

"Naam, mzee."

"Huyo kijana wako nina swali naye. Mila ninaijua. Leo naifungulia mlango kidogo. Aseme."

Félix akampa Vénant ishara kwa kidevu. Vénant akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Ulijua ni shemeji anayetukata?"

"Nilijua, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ya pili. Jina la tableti lilitokea kwenye TV. Ni mimi niliyeliandika siku naiunganisha."

"Na nilipokuita fundi mbovu mbele ya watu?"

"Nilisikia."

"Lorraine alipokuambia usimtafute?" Huyo sasa alikuwa Benedicta, kutoka nyuma ya aproni. Maana hilo nalo alilisoma. Lorraine alikuwa amelirudia kwa maandishi usiku wa Jumatano.

Vénant akamgeukia. "Nilisikia pia, mama. Ile iliuma zaidi."

"Sasa kwa nini ukanyamaza?" Lorraine akalia. "Neno moja tu, Vénant! Ungesema 'ni mama', tungemaliza siku ileile!"

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningemfokea!"

"Voilà, umeona. Ungemfokea, wazee wangejua, na mimi ningeingia kwenye nyumba hii kwa kumwaibisha aliyeijenga. Kwetu mkwe hamvui mama mkwe nguo mbele ya watu. Afadhali niitwe fundi mbovu. Hilo litapita, nitaunganisha TV nyingine. Na tena..." Akasita. "Tena mama alikuwa na haki ya kukasirika. Kosa la akaunti ni langu. Na nilisema tumuulize, halafu nikaogopa kukuudhi, nikaacha. Mtu akisema jambo la haki mara mbili kisha akanyamaza, amekuwa kama hakusema."

Karatina, mzee mmoja akaguna, ule mguno wa mtu aliyepata alichokuja kutafuta.

Lorraine alibaki katikati ya sebule palepale alipokuwa amesimama wiki iliyopita, ila safari hii mikono haikuwa kichwani. Ilikuwa haina pa kukaa. Hasira aliyoibeba wiki nzima ilikuwa imefika mwisho wa njia na kukuta mlango umeandikwa jina lake. Akavuta kiti, akamketisha mama yake, yeye akaketi sakafuni mbele yake, kama alivyokuwa akisukwa nywele zamani.

"Mama."

"Nini?"

"Vénant amepata kazi Göteborg. Mimi nataka kwenda naye. Wewe unataka kukaa wapi? Ukitaka kuja nasi, chumba tutakipata. Ukitaka kubaki, utabaki. Nakuuliza."

Benedicta akashusha aproni. Akamtazama binti yake muda mrefu, kwa macho mekundu.

"Göteborg nako mvua tupu. Siji."

"Na kwenye makazi?"

"Huko nitakwenda siku nikishindwa kupanda ngazi zangu. Siku hiyo nitakuambia mwenyewe, hutahitaji kuniamulia. Nabaki Farsta. Mje mnione kwa miguu, si kwa kioo tu. Krismasi na Pasaka, na siku nyingine ambayo sitaitaja, mtajiongeza."

"Tutakuja, mama," akasema Vénant.

"Wewe najua utakuja. Namwambia huyu."

"Nitakuja, mama. Nisamehe." Lorraine akamwekea kichwa magotini, unga na yote.

"Na mimi unisamehe ule mto. Kwaya nilikusudia. Yule mnyama nilimbonyeza kwa bahati mbaya, nikaona aibu kumtoa."

Mzee Félix akaanza kucheka, akajaribu kuficha kwenye kofia, akashindwa. Hata Karatina kipara cha nyuma kikawa kinatikisika.

"Basi," Kariuki akasema, akipangusa jicho. "Kuwekwa ukutani sitaki tena. Nimekaa vizuri hapa juu ya stuli. Vénant, keti. Umesema vya kutosha kwa mtu asiyetakiwa kusema."

Vénant akaketi.

Kariuki akainua kibuyu. Kwa watu wengine kingekuwa na muratina, pombe ya kienyeji, ndani yake, lakini yeye ni mzee wa kanisa, kwa hiyo ulikuwa uji uliochachushwa siku tatu, kwa pesa iliyotumwa na mshenga. Kwa desturi yao, kinywaji cha wakwe hakigusi mdomo wa mzee yeyote mpaka binti mwenyewe aulizwe na aseme. Akikataa, kinamwagwa, na wageni wanarudi walikotoka bila ugomvi.

"Lorraine, binti ya ndugu yangu. Watu hawa wametoka mbali, kibuyu ni chao. Umewaona, umewasikia. Tunywe?"

Lorraine akafungua kinywa. Neno lilikuwa tayari, alikuwa nalo mwaka mmoja na nusu.

Akalishikilia kwanza. Akageuza uso.

"Mama, mimi nasema wanywe. Wewe unasemaje?"

Benedicta hakuwa amelitegemea hilo. Akatazama dirishani. Akamtazama kijana wa kona, suti yake, viatu vyake vilivyong'arishwa kwa ajili ya siku tatu zilizoharibika. Akapangusa pua kwa nyuma ya mkono.

"Wanywe," akasema. "Lakini kabla hawajamaliza, fundi, njoo unitoe kwenye hiyo akaunti. Mambo mnayoandikiana nyinyi wawili si ya kusomwa na mtu wa kanisa."